Matundu Mawili ya Shati la Oduor

Jumatatu, 6 Machi 1989

Tumemzika Oduor juzi Jumamosi, nyumbani Seme, na leo nimerudi Manyatta kwenye cherehani yangu, kwa sababu sketi za shule hazijui kama fundi amefiwa. Nashonea barazani, nje ya duka la Irungu. Irungu amenipa chai na hakuniambia pole kwa mara ya kumi. Nimemshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Daftari hili ni la kazi. Kila nguo inayoletwa naiandika ilivyo, palipochanika na palipoungua pasi, ili mteja asije akasema ni mimi. Sasa nitaandika na mengine, maana sina wa kumwambia. Naandika Kiswahili makusudi. Mama anasoma Biblia ya Kijaluo bila kukwama, na haya sitaki ayasome.

Oduor alikuwa mdogo wangu. Alibeba samaki kwa baiskeli kutoka ziwani Dunga, akipitia njia panda ya Mamboleo kwenda kuuza Kajulu. Jumanne ya tarehe 21 Februari, saa nne asubuhi, polisi walimpiga risasi pale njia panda. Walituambia ni ajali, risasi ya onyo. Koplo Opiyo, aliyeipiga, alikuja mazishini kwa miguu yake akamshika Mama mkono. Ni mtu wa huku kwetu. Mama akamwambia Mungu ambariki.

Jumatano, 8 Machi

Hospitali ilirudisha nguo za Oduor ndani ya mfuko wa karatasi. Mama amelifua shati mara mbili kwa mikono yake mwenyewe, halafu akanitumia. Kesho nguo za marehemu zinagawanywa, na hilo atapewa Ouma, kitinda mimba wetu. Mama anasema hawezi kumvika mtu nguo ya ndugu yake ikiwa na matobo, watu watasema nini.

Shati la kiume, mikono mifupi, rangi ya maziwa, mistari ya buluu. Nililishona mimi, Krismasi. Tundu mgongoni chini ya bega la kushoto, dogo kuliko kifungo, nyuzi zimeingia ndani. Tundu kifuani, kubwa, kidole gumba kinapita, nyuzi zimetoka nje. Nimezikata nyuzi kwa mkasi. Mgongoni nimejazia kwa sindano. Kifuani nimetia kiraka nilichokata kwenye pindo la chini. Mistari imekutana sawasawa.

Ni kazi safi. Mungu anisamehe, nilipomaliza niliinua shati juu nikafurahi.

Alhamisi, 9 Machi

Nimelipeleka shati Seme, na Ouma amelivaa palepale mbele ya watu. Limemkaa vizuri. Lornah, mjane wa Oduor, aliinuka akaenda nyuma ya nyumba.

Jumamosi, 11 Machi

Sketi tano. Jua kali. Mvua hakuna.

Jumatatu, 20 Machi

Koplo Opiyo amekuja barazani na suruali ya kazi, anataka pindo lipandishwe kidogo. Polisi wengi wa kituo chao ni wateja wangu, na sijui nilitegemea nini. Amekaa kwenye benchi kama kawaida yake.

"Mama Adero, Mama yenu anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Ile ilikuwa mkosi tu. Hata mimi silali."

Nimeishona suruali yake na nimeishona vizuri. Sikuwahi kumharibia mtu nguo na sijui inaanziwa wapi.

Ijumaa, 24 Machi

Ijumaa Kuu. Sikwenda kanisani.

Jumanne, 28 Machi

Samansi imekuja. Kuna uchunguzi wa kifo mahakamani, tarehe 5. Ni ya Kiingereza, Irungu amenisomea, kisha akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Mama Adero, hapo msikie vizuri wanasema nini. Neno la matanga na neno la kortini si moja." Nikamwona mtu wa kutia chumvi. Polisi walishakiri, nikamwambia, wamebaki kupatana na Mungu wao.

Jumatano, 5 Aprili

Imeahirishwa. Hakimu ana mkutano. Mvua imeanza tukiwa njiani kurudi, na Lornah amelowa mpaka kitambaa chake cheusi kikamchujia rangi shingoni.

Jumatano, 12 Aprili

Sasa ndiyo nimeelewa Irungu alichokuwa akisema.

Koplo Opiyo ameapa akiwa ameshika Biblia. Kasema walimsimamisha Oduor kwa sababu walimshuku. Kasema Oduor akatoa panga kwenye kapu la samaki, akamjia nalo uso kwa uso, ndipo akafyatua kuokoa roho yake. Panga likaletwa mezani, na kijikaratasi chenye namba kimefungwa kwenye mpini. Ajali haikutajwa hata kidogo. Mtu aliyemshika Mama mkono akasimama futi kumi kutoka kwake akamwita mwanawe jambazi, na sauti yake haikutetemeka.

Oduor hakuwa na panga. Alikuwa na kisu kimoja cha kuparia samaki, kifupi, na kisu hicho kiko kwa Lornah jikoni. Tunajua sote kilichotokea, hata wauza mahindi wa Mamboleo wanajua ila hawatasema. Askari wale walikuwa wanajichagulia samaki kila wiki. Siku ile Oduor aliwaambia leo hapana, wa leo ni wa watu, akapanda baiskeli akaondoka. Basi. Alikuwa amewapa mgongo.

Hakimu ni mwanamama mwenye miwani, hasemi sana. Kauliza ripoti ya daktari iko wapi. Mwendesha mashtaka, ambaye ni inspekta wa polisi, kasema haionekani kwenye faili. Hakimu akaandika hilo. Kisha akauliza nguo alizovaa marehemu ziko wapi.

"Familia ilikabidhiwa, Mheshimiwa."

Hakimu akatugeukia. Mama hakuelewa. Mimi nilielewa.

Alhamisi, 13 Aprili

Sikushona leo. Naliona shati mbele ya macho yangu. Mama alilifua, mimi nikalishona, na hakuna aliyetulazimisha. Polisi wakitaka kuharibu ushahidi wanahangaika. Sisi tulifanya bure, kwa mapenzi.

Ijumaa, 14 Aprili

Nimekwenda Seme. Maji ya mvua mpaka magotini. Ouma alikuwa shambani amelivaa, limepauka mabegani.

"Hiyo shati ni yangu, sister. Nilipewa mbele ya watu."

"Najua. Kortini wanalitaka."

"Si ulishaishona? Wataona nini sasa?"

Mama akatokea jikoni. Akasema nguo ya marehemu ikishagawanywa hairudi, anayeivua anamwita mwenye nguo atoke kaburini. Nikambishia. Akaniambia nimekaa mjini mpaka nimekuwa mzungu. Nikamwambia, na natamani nisingelisema, kwamba yeye ndiye aliyefua damu ya mwanawe ikaenda na maji. Alikaa chini kwenye matope. Hakulia. Alisema polepole, "Nilitaka alale safi, nyara." Ananiita nyara, binti yangu kwa Kijaluo, tangu nikiwa mdogo.

Ouma alilivua mwenyewe, akanipa, akarudi shambani kifua wazi kwenye mvua.

Jumatano, 19 Aprili

Imeahirishwa. Faili halionekani.

Jumamosi, 22 Aprili

Konstebo Simiyu, wa kituo kilekile cha Opiyo, amekuja kuchukua koti lake. Ni kijana wa Kimilili, mpole, mkewe Nakhungu anatarajia mtoto na hununua kwangu vipande vilivyobaki vya kushonea shuka za mtoto. Mvua ilikuwa kubwa, mabati yanapiga kelele, hakuna mtu wa kutusikia. Alivaa koti, akalivua, akalivaa tena.

"Mama Adero, ile panga ya kortini."

"Imefanyaje?"

"Ni ya kituo. Ni ile tunafyekea nyasi. Mpini yake nilifunga waya mimi mwenyewe mwaka jana. Siku hiyo Koplo alirudi saa sita, akaichukua kwa stoo, akaniambia niandike kwa OB, ile kitabu ya matukio ya kituo, ati imetoka kwa kapu ya samaki. Nikaandika."

Aliinamisha kichwa. Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi na si hakimu. Akasema ana mke, na nyumba anayokaa ni ya polisi.

Sikupaswa kuandika jina lake. Nimeshaandika.

Jumapili, 23 Aprili

Nilikuwa namwona Simiyu mtu mzuri. Leo nimemchukia kuliko Opiyo. Kwa Opiyo sitarajii chochote.

Jumatano, 26 Aprili

Imeahirishwa. Hakimu anaumwa.

Jumanne, 2 Mei

Baraza linavuja juu ya cherehani. Nimesogea. Linavuja na huku.

Jumatano, 3 Mei

Imeahirishwa. Mwendesha mashtaka yuko safarini. Lornah amesema hatakuja tena, amechoka kutazamwa. Sikumlazimisha. Mimi mwenyewe naenda kwa sababu nimezoea kwenda.

Jumatano, 10 Mei

Leo wamenisikiliza. Nimetoka huko nimechoka mpaka mkono wa kuandika ni mzito, lakini lazima niandike.

Niliapa. Nikatoa shati. Mwendesha mashtaka alilikunjua, akaligeuza, akacheka kidogo kwa puani. "Mheshimiwa, hii shati ni safi. Haina shimo."

Nikasema matundu yapo, niliyashona. Hakimu akaniambia niyaonyeshe. Nikasema itabidi kufumua, naomba wembe. Askari wa mlangoni akakataa kumpa shahidi wembe. Basi nikachomoa sindano kwenye kola ya gauni langu, ninapoitia kila siku nikisahau kuitoa, nikaanza kufumua nimesimama kizimbani. Sikuwahi kushona nikitazamwa na watu wengi hivyo. Mishono ilikuwa midogo, niliikaza mwenyewe, nikawa nalaani mikono yangu. Mahakama nzima ikangoja. La mgongoni likafunguka, dogo. Kiraka cha kifuani kikatoka, na pale nyuma yake kidole gumba changu kikapita kama siku ile. Mama alitoa sauti.

"Dogo ni la nyuma," nikasema. "Risasi iliingia nyuma."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi, bwana. Najua kitu kikipita kwa kitambaa kinasukuma nyuzi upande gani. Za mgongoni zilikuwa zimeingia ndani. Za kifuani zilikuwa zimetoka nje."

"Ziko wapi hizo nyuzi?"

Nikakishika kile kiraka.

"Nauliza, ziko wapi?"

"Nilizikata."

Akageuka akawatazama watu wote, mikono kaipanua. Kisha akasema ukubwa wa shimo unategemea mkasi wa fundi, na kwamba habari ya nyuzi nimeitunga jana. Kichwa kikanipanda moto. Mtu akinishika kwenye kazi yangu huwa sioni mbele.

"Sikutunga! Niliandika siku ileile, kabla sijasikia habari ya panga. Kila nguo naiandika."

Hakimu akavua miwani. "Umeandika wapi, Mama?"

"Kwa daftari yangu ya kazi."

"Utalileta tarehe ishirini na nne. Lote, kama lilivyo."

Nikajibu ndiyo, Mheshimiwa. Nilikuwa nusu ya njia kwenda Kaloleni kwangu ndipo nilipomkumbuka Simiyu.

Alhamisi, 11 Mei

Nimezihesabu kurasa na kulipekua daftari asubuhi nzima. Ukurasa wa Simiyu na ukurasa wa shati ziko kwenye karatasi moja iliyokunjwa, mmoja upande huu wa pini za katikati ya daftari na mwingine upande wa pili. Nikichana mmoja, mwenzake unalegea na kudondoka. Na hata kama usingedondoka, yule inspekta angeona mara moja, na angesema aliyechana ukurasa mmoja anaweza kuwa ametunga na mwingine.

Nikilipeleka lilivyo, Simiyu amekwisha. Nisipolipeleka, Oduor anabaki jambazi kwenye karatasi za serikali milele, na watoto wake watakuja kusoma hivyo.

Jumatatu, 15 Mei

Nakhungu amekuja, tumbo mbele. Sijui nani amemwambia. Labda Simiyu alikuwa mahakamani nami sikumwona. Hakukaa kwenye benchi, alichuchumaa karibu na miguu yangu.

"Mama Adero, hiyo kitabu iko na jina ya mzee wangu?"

Sikumdanganya.

"Si unaona vile hapa kunavuja? Sema ilinyeshewa. Wino ilienda. Nani atakataa?"

Anasema kweli, hakuna ambaye angekataa. Mvua yenyewe ilikuwa inadondoka kwenye meza tukiongea. Nimemwambia nitafikiri. Alishika mguu wangu kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyewahi kunishika hivyo, nami nimemwonea huruma.

Jumatano, 17 Mei

Nimeliacha daftari mezani, chini ya mahali panapovuja, nikaenda sokoni. Nimekwenda polepole. Niliporudi Irungu alikuwa ameliondoa akalitia dukani, juu ya magunia ya sukari.

"Umesahau kitu yako," akaniambia, na hakunitazama usoni.

Ijumaa, 19 Mei

Nimetuma mtu amwite Simiyu. Amekuja bila sare. Nimempa daftari, nikamwambia asome lote, kisha yeye ndiye aniambie. Maisha ni yake. Mimi nimeshalia ndugu mmoja, siwezi kumwamulia mtoto wa mwenzangu.

Alisoma amesimama, toka mwanzo, hata vipimo vya sketi. Mvua ilipungua akiwa bado anasoma. Alipofika tarehe 22 alirudia.

"Umeandika niliinamisha kichwa."

"Uliinamisha."

"Na hapa umesema unanichukia kuliko Koplo."

"Siku hiyo ndiyo."

Akauliza kama nina kalamu. Nilidhani anataka kufuta, nikampa hivyohivyo. Akapiga magoti mbele ya meza ya cherehani akaandika chini ya maneno yangu, kwa herufi za kituoni zilizonyooka, jina lake kamili, namba yake ya kazi, na mstari mmoja: Haya ni kweli na nitayasema nikiitwa. Akatia sahihi na tarehe ya leo, si ya siku ile, ili isionekane ni ya uongo.

"Nimebeba hii maneno kwa tumbo tangu February," akasema. "Nakhungu ataniua."

Akaniachia suruali ya kazi niongeze kiuno. Ananenepa, alisema, na tukacheka. Sikutegemea kucheka mwezi huu.

Jumanne, 23 Mei

Kesho nalitoa. Mheshimiwa, ukifika hapa, samahani kwa madoa ya chai. Nilikuwa sijui kama nitasomwa. Ya Mama na maji yake ya kufulia usiyasome kwa sauti, nakuomba. Atakuwa amekaa mbele.

Ijumaa, 16 Juni

Naandika kwenye karatasi ya khaki ya kukatia mitindo, kwa sababu daftari sasa lina namba na liko mahakamani pamoja na shati.

Hakimu alisoma uamuzi jana. Alisoma bila kuinua macho. Oduor alipigwa risasi kutoka nyuma, akiwa anaondoka, hana silaha. Panga ni mali ya kituo. Koplo Opiyo ashtakiwe kwa kuua. Ukurasa wa tarehe 14 Aprili hakuusoma.

Nilidhani nitapiga kelele. Nilikaa tu. Opiyo alisimama, nami nikaona amevaa ile suruali, pindo limekaa sawa kabisa juu ya viatu. Wenzake walimteremsha chini, mmoja amemshika begani wanaongea taratibu, mtu angefikiri wanakwenda kunywa soda. Hawakumfunga pingu. Kesi yenyewe itatajwa Agosti. Najua maana ya kutajwa. Nitavaa gauni langu, nitakwenda, wataniambia imeahirishwa.

Lornah alikuja jana, pamoja na yote. Aliposikia neno "hana silaha" aliniuliza kama limeandikwa. Nikamwambia limeandikwa. Akaniuliza tena.

Simiyu alitoa ushahidi wake tarehe 31 Mei, kwa ufupi. Tarehe 2 Juni aliletewa barua ya uhamisho, Mandera, aripoti haraka. Nakhungu alipita hapa na virago juu ya mkokoteni. Nilimpa shuka tatu za mtoto zilizokwisha. Alizipokea, hakuniambia asante, na sitamlaumu. Suruali ya mumewe bado imetundikwa barazani, kiuno nimeongeza. Irungu anauliza kila asubuhi kama aitoe. Namwambia aiache.

Mama ameanza kuniita nyara tena. Leo alikuja mjini na Ouma. Ouma alisimama karibu na cherehani, akizungukazunguka, mpaka akaniuliza mahakama itarudisha lini shati lake.

"Sijui. Kesi ikiisha. Labda mwaka kesho, labda baada yake."

"Ikirudi, utaishona tena? Vile uliishona, haikuonekana."

Mama alikuwa ananitazama. Nikaweka mkasi chini.

"Hapana," nikamwambia. "Utalivaa na matundu yake."

Ouma akamtazama Mama. Mama akamwambia avae hivyohivyo.